Neno Kongwe Linamfanyia Kazi Nani?

Mjomba wangu ana duka la fotokopi na kupiga chapa Bwizibwera, mji mdogo ulioko kwenye barabara itokayo Mbarara kwenda Ibanda. Nimeishi kwake tangu nilipoanza chuo, na siku zisizo na vipindi humsaidia kwenye kompyuta. Wateja wetu wengi huja kwa mambo matatu: mikataba ya kuuziana ardhi, barua za kuomba kazi, na barua za kupeleka ofisini. Siku moja mzee mmoja alikuja kuandikiwa barua ya kuomba apewe muda wa kulipa karo ya mjukuu wake. Niliiandika kwa Kiingereza chepesi, sentensi sita, nikaichapa, nikampa. Aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Mbona haina 'hereby'?" Nilimweleza kwamba neno hilo halikuhitajika. Akairudisha mezani. Barua isiyo na "hereby," alisema, haina nguvu, na hawezi kulipia shilingi 2,000 barua isiyo na nguvu. Mjomba akanisogeza kando kwa upole, akaingiza "hereby" mahali pawili na "humbly beseech" mahali pamoja. Mzee akalipa, akaenda zake ameridhika.

Siku ile nilicheka. Baadaye kicheko kiliniisha, kwa sababu niligundua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nikifanya yale yale katika Kiswahili, tena katika mashairi ambayo hakuna aliyenilipa kuyaandika. Insha hii inahakiki tabia hiyo: kuingiza maneno ya kikale katika maandishi ya leo, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Sidai kwamba neno la kale ni baya. Ninachouliza ni kwamba, linapoingia katika ukurasa wa leo, linamfanyia kazi nani: msomaji au mwandishi?

Ugomvi huu hatukuuanza sisi. Edmund Spenser alipotoa sehemu ya kwanza ya The Faerie Queene mwaka 1590, alijaza ndani yake maneno ya enzi ya Chaucer, aliyefariki karibu miaka 200 kabla. Ben Jonson alimlaumu baadaye kwamba kwa kuwaiga wakale, Spenser hakuandika lugha yoyote ile. Lawama hiyo ni kali, na kwa maoni yangu haina haki kamili, maana Spenser alikuwa akisimulia mashujaa wa dunia ya kubuni na maneno yale yalisaidia kuiweka dunia hiyo mbali na London ya siku zake. Mfano unaonifaa zaidi ni wa Samuel Taylor Coleridge. Shairi lake la baharia mzee lilipotoka mwaka 1798 katika Lyrical Ballads, hata anwani yake iliandikwa kwa tahajia ya kikale. Wahakiki wakalalamika. Kitabu kilipochapishwa tena mwaka 1800, Coleridge alikuwa ameondoa mengi ya maneno na tahajia hizo. Merikebu ilibaki, ndege aliyeuawa alibaki, na dhambi ya baharia ilibaki. Wanaolisoma shairi hilo leo hawahisi kwamba limepungukiwa. Hapo tunajifunza kwamba sehemu kubwa ya ukale ule ilikuwa pambo, na pambo huondoka bila damu kutoka.

Sisi wa Uganda tulirithi Kiingereza kupitia ofisi, mahakama, shule na makanisa ya wakati wa ukoloni, na maofisini bado tunakihifadhi kama kilivyofika. Mikataba ninayoichapa Bwizibwera huanza kwa "whereas" na kuendelea kwa "hereinafter," ingawa wanaouziana kipande cha shamba la migomba ni majirani wanaoitana kwa majina ya utani. Hakuna anayedhurika sana hapo, kwa sababu mashahidi wapo, mwenyekiti wa LC1 yupo na muhuri wake, na kila mtu anajua mpaka umepita kwenye mti gani. Madhara huja pale karatasi inapokwenda peke yake, bila mtu wa kuielezea.

Nalisema hili kwa kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwaka wa pili, nilikwenda Nakivale kumtembelea mama. Jirani yake, mama mmoja mjane aliyetoka Kivu kama sisi, aliniomba nimwandikie barua ya kukumbusha ofisi moja juu ya barua aliyoipeleka mwezi uliotangulia, kuhusu jina la mwanawe lililoandikwa vibaya. Alinieleza shida yake vizuri kabisa. Nilipoanza kumwambia jinsi nitakavyoipamba, alinikatiza: "Mwana yangu, andika tu vile minasema." Sikumsikiliza. Katika duka la mjomba nilikuwa nimesoma kitabu cha zamani cha mifano ya barua, na humo nilipata neno "ultimo," yaani la mwezi uliopita. Likanipendeza. Nikaandika kwamba barua yake ya kwanza ilikuwa ya tarehe 12 "ultimo." Kijana aliyeipokea ofisini hakulijua neno hilo, wala sioni kwa nini alipaswa kulijua. Alitafuta barua ya tarehe 12 ya mwezi ule ule, hakuiona, akamwambia mama kwamba haipo. Mama akarudi nyumbani. Wiki iliyofuata akapanda tena bodaboda, akarudi tena mikono mitupu. Mara ya tatu alirudishiwa barua yangu, na neno "ultimo" limepigiwa mstari mwekundu na alama ya kuuliza.

Niliiandika upya kwa kutaja mwezi kwa jina lake, na shida ikaisha siku hiyo hiyo. Nauli ya safari mbili nilijaribu kumlipa, akakataa. Neno moja ambalo faida yake ilikuwa kunifanya nionekane nimesoma lilimgharimu mtu ambaye hakuwa na uwezo wa kulisoma.

Waingereza wenyewe wamepunguza mzigo huu. Kanuni mpya za mashauri ya madai zilizoanza kutumika Uingereza na Wales mwaka 1999 ziliacha neno "plaintiff" na badala yake zikaweka "claimant," ili mwananchi wa kawaida aelewe kesi yake mwenyewe. Mahakama za Uganda zinaendelea na "plaintiff," na hati anayofungulia kesi bado inaitwa "plaint." Nilipoanza kuandaa insha hii nilitaka kutumia mfano huo kuonyesha jinsi tulivyobaki nyuma. Nilimsomea jirani mwingine wa mama, mzee aliyesoma kwa Kifaransa huko Goma na ambaye Kiingereza chake ni cha salamu tu. Nilipotamka "plaint," aliniambia mara moja, "Si ni mashitaka?" Alikuwa sahihi. Neno hilo liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, na katika Kifaransa cha leo "plainte" ni neno la kawaida, la kila kituo cha polisi. Kwa Mwingereza neno hilo limezeeka. Kwa mkimbizi wa Kongo aliyeko Isingiro ni neno la juzi.

Mzee yule aliharibu hoja yangu, nami namshukuru. Alinionyesha kwamba ukale hauko ndani ya neno kama umri ulivyo ndani ya mti. Ukale uko kati ya neno na mtu anayelisikia. Ndiyo maana nikaanza kuuliza upya kuhusu Kiswahili chetu.

Tazama maneno ya fedha. Hela ilikuwa sarafu ya Wajerumani katika Afrika Mashariki yao, na sarafu hiyo ilikufa pamoja na utawala wao zaidi ya miaka 100 iliyopita. Hata hivyo kijana wa Dar es Salaam akisema hana hela, hakuna anayemwona mshairi. Pesa nayo inatokana na paisa ya Wahindi. Na kwetu Wakongo kuna makuta: likuta ilitolewa mwaka 1967 pamoja na zaire, na fedha hizo zote zimeshaondoka, lakini mpaka leo mama akiniuliza kama nina makuta, anauliza juu ya shilingi za Uganda. Maneno haya ni makongwe kuliko noti zote zilizomo mfukoni mwangu, lakini kwa kuwa watu hawakuacha kuyatumia, hayakupata nafasi ya kuzeeka.

Kwa upande mwingine, tulipokuwa tukisoma Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, wengi wetu darasani tulichora mstari chini ya maneno kama "ndia" na "mato," tukaandika pembeni: msamiati wa kikale. Tulikosea. Abdilatif, aliyefungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 na kuandika mashairi hayo gerezani, alikuwa akiandika Kimvita, lahaja ya mji wake wa Mombasa, ambako njia ni ndia na macho ni mato hata sokoni. Sisi wa bara tuliisikia sauti ya mtu aliye hai, tukaiita ya kale kwa sababu tu haikuwa yetu. Mhakiki anayeita lahaja ya mwenzake ukale anafanya kosa zaidi ya la msamiati, kwa kuwa anamzika mtu angali anasema.

Kosa hilo lina chanzo. Vitabu vingi vya kufundishia ushairi vinavyotufikia kutoka Kenya vina orodha ya uhuru wa mshairi: inkisari, mazida, tabdila, kuboronga sarufi, utohozi, lahaja, msamiati wa kikale. Orodha yenyewe haina ubaya. Ubaya uko katika namna tunavyoitumia. Mwanafunzi hufundishwa kulitafuta neno la kikale katika shairi, kulitaja, na kupata alama moja. Haulizwi neno hilo limefanya nini pale lilipo. Anapofika zamu ya kutunga, naye hupanda maneno ya aina hiyo ili mwingine ayavune. Hivyo tumepata mashairi ya wanafunzi wa miaka 20 ambamo kila kijana ni ghulamu, kila maisha ni aushi, na binadamu wote ni mahuluku.

Mimi ni mmojawapo, na sina haja ya kumtafuta mwingine wa kumhakiki. Mwaka jana nilitunga shairi la tarbia, beti tisa, kuhusu safari yetu ya mwaka 2008, tulipotoka Rutshuru tukavuka mpaka Bunagana na hatimaye kuletwa Nakivale. Nilikuwa na miaka mitano. Nakumbuka sufuria ambalo mama alilibeba kichwani, na nakumbuka kwamba ndani yake kulikuwa na viatu vyangu. Katika shairi sikuandika sufuria wala viatu. Niliandika kwamba "kitali" kilitufukuza, kwa sababu nilikuwa nimelikuta neno hilo katika kamusi, lina maana ya vita, na lilinipa silabi tatu nilizozihitaji pamoja na kina cha "li." Wenzangu walilisifu shairi. Mmoja aliniambia linanukia Muyaka, yule malenga wa Mombasa wa karne ya 19, na kwa wiki nzima nilitembea kama mtu aliyepewa cheo.

Nilipokwenda Nakivale nilimsomea mama. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kidevu. Kisha akauliza, "Kitali, si ni kule Kenya?" Alidhani nasema Kitale, mji ambao jamaa zetu fulani walipita wakienda Kakuma. Nikamweleza kwamba kitali ni vita. Alinyamaza kidogo, akasema, "Sisi tulikimbia vita." Hakusema kwa hasira. Alikuwa ananisahihisha tu, kama mtu anayesahihisha jina la kijiji.

Hapo ndipo nilipoielewa hoja ambayo Kezilahabi na wenzake walikuwa wakiipigania. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, mabishano yalihusu zaidi vina na mizani, na sisi tunayasoma kana kwamba ni hayo tu. Lakini chini ya vina na mizani lilikuwepo swali la lugha ya nani itumike kusema maumivu ya nani. Sikubaliani na wanaodhani kwamba kina na mizani ndivyo vilivyonipotosha. Neno "vita" lina silabi mbili, na mtunzi mwenye bidii angepanga mshororo wake upya. Mimi nilikuwa mvivu, na uvivu wangu ukavaa joho la asili. Watetezi wa msamiati wa kikale hupenda kutukumbusha kwamba mwacha asili ni mtumwa. Nakubali. Lakini asili yangu katika jambo hili ilikuwa ni yule mama aliyebeba sufuria, na nilimwacha kwa ajili ya ukurasa wa kamusi.

Je, basi tuyafute maneno ya kale? Hapana, na tena ni mama aliyenizuia. Kanisani kwao Nakivale husomwa Biblia ya 1952, ile iliyounganisha tafsiri za Zanzibar na Mombasa. Ina Kiswahili ambacho hakuna anayekizungumza pale kambini. Mhubiri husoma aya, kisha huieleza kwa Kiswahili cha Kivu. Tunayo pia Habari Njema ya miaka ya 1990, iliyo nyepesi zaidi. Pale ambapo Biblia ya zamani inasema "amin, amin," hiyo mpya inasema "kweli." Nilimwuliza mama anapenda ipi. Alijibu kwamba ya pili anaielewa, na ya kwanza anaijua. Alipokuwa njiani mwaka 2008, alisema, yaliyokuwa yakimjia kichwani ni maneno ya ile ya kwanza.

Jibu hilo limenifikirisha zaidi ya mihadhara mingi. Wafasiri wa Biblia ya Kiingereza ya 1611 nao walibakiza "thou" wakati ambapo katika mazungumzo ya kawaida ya London lilikuwa limeanza kupungua, na waumini wakalizoea mpaka likawa sauti ya sala. Neno la kale ambalo watu wamelibeba pamoja, wakalirudia kwenye misiba na harusi, si pambo la mwandishi. Ni mali ya jamii. Mama hajui "kitali" kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpa. "Amin" alipewa tangu utotoni. Yote mawili ni maneno ya kikale kwa mujibu wa orodha yetu ya darasani, lakini moja lilimfungia mlango na jingine lilitembea naye mpaka Bunagana.

Kuna kazi nyingine pia ambayo neno kongwe linaweza kuifanya kwa haki. Mwandishi wa riwaya ya kihistoria anapomfanya mtu wa Lamu ya karne ya 18 aseme, hana budi kutafuta maneno yenye harufu ya wakati ule, la sivyo mtu huyo atasema kama mtangazaji wa redio. Hata hapo si lazima. Shakespeare aliandika Julius Caesar karibu mwaka 1599. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, msomaji wa Kiswahili aliipata tamthilia ile katika lugha ya zama zake. Kiswahili hakina "thou" na "you" za kutenganisha bwana na mtumwa, wote ni "wewe," na bado Kaizari anaogopwa. Kwa namna fulani mwanafunzi wa Tabora mwaka ule alikuwa karibu zaidi na Kaizari kuliko mwanafunzi wa Manchester aliyelazimika kufungua faharasa ya maneno kila ukurasa.

Kwa hiyo napendekeza kwamba tunapohakiki mashairi ya wenzetu, na kabla ya hapo ya kwetu wenyewe, tusiishie kulitaja neno la kikale na kupeana alama. Tuulize mambo matatu. Je, lipo neno la kila siku lenye maana hiyo hiyo? Kama lipo, la kale limeongeza nini ambacho la kila siku halina: wakati, mahali, sauti ya mtu fulani, kumbukumbu ya watu fulani? Na je, yule ambaye maandishi yanamhusu angejitambua ndani yake akisomewa? Shairi langu lilishindwa katika maswali yote matatu. Barua ya "ultimo" pia ilishindwa.

Barua ya yule mzee wa "hereby" naiona kwa jicho jingine sasa. Yeye alijua kabisa anachokinunua. Neno lile lilikuwa muhuri wake, nalo halikumficha mtu: ombi lilisomeka, muda ulitajwa, na jina la mjukuu liliandikwa sawa. Kama kuna wa kulaumiwa, basi ni ofisi zinazomfundisha mzee kwamba hatasikilizwa akisema kama anavyosema. Mjomba bado huiweka "hereby" kwa anayeiomba. Ila tumekubaliana sharti moja dukani: mteja atueleze kwanza shida yake kwa maneno yake, nasi tumsomee barua kwa lugha anayoielewa kabla hajatia saini au kidole gumba.

Nalo shairi nimeliandika upya. Limebaki beti sita. "Kitali" kimeondoka na "vita" vimeingia, na ubeti wa pili sasa una sufuria lenye viatu vya mtoto ndani yake. Nilimsomea mama tena kabla ya kulileta katika mkusanyiko wa mashairi ya darasa letu. Alicheka alipofika kwenye viatu, akasema nimesahau kwamba kimoja kilipotea. Nimekiongeza.